Insulinoma: Utambuzi

Insulinoma ni uvimbe adimu wa kongosho unaotokana na seli beta, zile zinazotengeneza insulini. Kila mwaka hugunduliwa kwa watu 1 hadi 4 hivi katika kila milioni. Kwa kawaida si saratani, huwa mmoja tu, tena haufiki sentimita 2. Udogo huo usimdanganye mtu: uvimbe huendelea kumwaga insulini hata sukari ya damu ikiwa imeshashuka.

Mgonjwa hutetemeka na kutoka jasho, moyo humwenda mbio. Ubongo ukikosa sukari, huchanganyikiwa, hufanya vituko au huanguka na kupata degedege, hasa alfajiri, baada ya kazi nzito au mlo ukichelewa. Si ajabu akatibiwa kifafa au maradhi ya akili kwa miaka, kwa sababu tu hakuna aliyempima sukari wakati ule ule amezidiwa. Wengine hunenepa, maana wameshaona kwamba wakila hutulia.

Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji Allen Whipple wa New York aliweka masharti matatu: dalili za sukari kushuka, kipimo kinachoonyesha iko chini saa hiyo hiyo, na nafuu ikipandishwa. Masharti hayo huthibitisha kwamba sukari inashuka. Hayasemi inashushwa na nini.

Hilo hutafutwa kwa mfungo wa hadi saa 72, mgonjwa akiwa wodini na akiruhusiwa maji. Dalili zikitokea na glukosi ikiwa chini ya miligramu 55 kwa desilita, damu huchukuliwa papo hapo. Kwa mtu mwenye afya, wakati huo insulini huwa karibu imekwisha. Mwenye uvimbe hukutwa nayo bado. Kipimo muhimu hapa ni peptidi C, ambayo kongosho huitoa sambamba na insulini yake. Insulini ya sindano haina peptidi hiyo, kwa hiyo aliyejidunga hujulikana. Vidonge vya kisukari kama glibenklamidi hupandisha vyote viwili, ndiyo maana navyo hutafutwa katika damu. Pasipo hivyo mtu anaweza kupasuliwa kwa sababu ya kidonge.

Picha za CT, MRI au ultrasaundi ya kupitia tumboni kwa endoskopi hufuata baadaye, kuonyesha uvimbe uko wapi. Kuzitanguliza ni kujitafutia utata, kwani picha safi haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Mgonjwa kijana, au mwenye vivimbe kadhaa, huchunguzwa pia kalsiamu, kwa kuwa huenda ana ugonjwa wa kurithi uitwao MEN1.