Rafu ya Memwari: Historia Fupi ya Maktaba ya Chuo cha Theolojia cha Bunia

Mgeni akiingizwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia huonyeshwa kwanza vile vitabu vinene: kamusi za Kigiriki na Kiebrania, mafafanuzi ya Biblia yenye majuzuu mengi, historia za Kanisa zilizochapwa Paris, Geneva, London na Grand Rapids. Ni haki avione, maana viligharimu fedha nyingi na safari ndefu. Lakini kitabu cha namna hiyo kikipotea Bunia, nakala nyingine ipo Nairobi, Yaoundé au Bangui. Maandishi ambayo yakipotea yamepotea kabisa ni yale yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe: kazi za mwisho wa graduat, zinazoitwa TFC, na memwari, yaani tasnifu, za lisansi. Historia ya maktaba hii naitaka isimuliwe kuanzia rafu hiyo.

Chuo kilizaliwa 1961 huko Banjwadi, kituo cha misioni kaskazini mwa Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo. Kongo ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla yake, na Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 nchi nzima. Upande wa Waprotestanti upungufu ulikuwa na sababu ya pekee. Serikali ya Kibelgiji ilitoa ruzuku kwa shule za misioni za Kikatoliki tangu zamani, ila shule za Kiprotestanti zilianza kuipata mwaka 1948 tu. Kwa hiyo wachungaji na wainjilisti wengi wa kaskazini-mashariki walikuwa wamefundishwa katika shule za Biblia kwa Kiswahili, Kibangala au lugha za nyumbani. Walijua Maandiko, walijua kuhubiri, lakini mlango wa vitabu vya theolojia, ambao Kongo ulifunguliwa kwa Kifaransa, ulikuwa umefungwa mbele yao. Jumuiya kadhaa za kiinjili ziliungana kuanzisha shule ya kuufungua, miongoni mwao ile iliyotokana na misioni ya Africa Inland Mission, ambayo watu wa Ituri, mkoa wenye mji wa Bunia, wanaijua kwa jina la CECA 20.

Hapo ndipo lilipoanzia tatizo ambalo maktaba hii haijawahi kuliacha nyuma. Wamisionari wa jumuiya hizo walikuwa hasa Wamarekani na Waingereza. Vitabu walivyokuwa navyo nyumbani, walivyoweza kuvitoa au kuviomba kwa makanisa yao, vilikuwa vya Kiingereza. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Maombi, mazungumzo ya uani na mahubiri ya Jumapili yalikuwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa theolojia katika pembe hii ya Kongo alisoma kwa lugha moja, akaandika kwa nyingine, akahubiri kwa ya tatu, na mara nyingi aliota kwa ya nne, ya mama yake. Vitabu vizuri vya Kifaransa vilitoka mbali na bei yake ilikuwa kali. Nafuu ilikuja taratibu: Éditions CLE ilianzishwa Yaoundé mwaka 1963, na baadaye wachapishaji wa kiinjili wa Abidjan na Cotonou wakaanza kutoa vitabu ambavyo mwanafunzi wa Kiafrika angeweza kuvigusa.

Banjwadi haikudumu. Agosti 1964 waasi walioitwa Wasimba waliiteka Stanleyville. Novemba mwaka huo, askari wa miavuli wa Kibelgiji waliposhuka mjini, wamisionari na Wakongo wengi waliuawa, mjini na katika vituo vya njia ya kaskazini, Banalia ikiwa mojawapo. Uasi ulipozimwa, chuo kilipelekwa mashariki, Bunia: mji wenye uwanja wa ndege, barabara ya Uganda, na makanisa mengi ya jumuiya zilizokimiliki. Huko kikaitwa Institut Supérieur Théologique de Bunia, na hata leo wazee wakisema ISTB kila mtu anaelewa.

Ituri haikuwa nchi ngeni kwa kitabu. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, mwinjilisti kutoka Buganda, alifika Mboga, kusini mwa Bunia, akawafundisha watu kusoma Injili sambamba na kuiamini. Alifia huko huko mwaka 1933. Kanisa la Anglikana lililotokana na kazi yake lina chuo chake cha theolojia Bunia. Mji mmoja wa mbali namna hii kuwa na zaidi ya maktaba moja ya theolojia si jambo dogo.

Sasa nishuke kwenye kazi yenyewe ya maktaba, kwa sababu ndiko historia inakofichwa. Maktaba nyingi za vyuo vya theolojia hupangwa kwa mfumo wa Dewey, uliobuniwa Marekani mwaka 1876. Dini yote imepewa namba kuanzia 200 hadi 299. Sehemu kubwa ya namba hizo ni ya Ukristo: 220 ni Biblia, 230 ni mafundisho ya imani, 266 ni misioni. Historia ya Kanisa katika Afrika yote imebanwa ndani ya 276. Uislamu umepewa 297. Dini za asili za Waafrika, pamoja na matambiko, mizimu, jina la Mungu katika mamia ya lugha, zimesukumwa karibu na mwisho, 299.6.

Mkutubi akiwa na memwari mkononi juu ya mahari kwa Walendu, kabila mojawapo la Ituri, na ndoa ya kanisani, aiweke wapi? Akiiweka 392, penye desturi za ndoa, atakayekuja kutafuta theolojia ya ndoa hataiona. Akiiweka penye sakramenti na ibada, mwandishi ataonekana hakuzungumza juu ya Walendu. Akiitupa 299.6, amekwisha kuamua kwamba mahari ni dini ya kale, na hilo ndilo swali lenyewe memwari ilitaka kulijibu. Ndiyo maana vyuo vingi viliona afadhali memwari zikae peke yake, kwa mwaka na jina la mwandishi. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara, ingawa una gharama yake: kinachokaa pembeni husahauliwa upesi.

Ishike basi memwari ya zamani, ya enzi za mashine ya taipu. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Mashine zilizotoka Marekani hazikuwa na alama za herufi za Kifaransa, kwa hiyo kila é na kila à ilitiwa kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, na wino wa alama hizo umefifia kuliko herufi zenyewe. Nakala ya chini, iliyopita chini ya kaboni mbili au tatu, inasomeka kwa shida. Nyuma kuna majina ya watu waliohojiwa: mzee wa kanisa, mke wa mwinjilisti wa kwanza, mganga aliyeokoka, na kijiji cha kila mmoja. Wengi wao hawapo tena, na vijiji vingine pia havipo. Mwanafunzi aliyekwenda kwa baiskeli likizoni kumuuliza mzee jinsi Injili ilivyofika kwao hakujua kwamba alikuwa akiandika ushahidi ambao haungechukuliwa mara ya pili. Alikuwa akitafuta pointi za juri.

Miaka ya 1970 ilileta mtihani wa aina nyingine. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote katika chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, kile cha Waprotestanti cha Kisangani kikiwemo, na mwaka 1974 shule za makanisa zikachukuliwa na dola hadi ziliporudishwa 1977. Katika hali hiyo, mahali ambapo kanisa lingeweza kuweka kumbukumbu zake na kufikiri kwa sauti yake lenyewe pakawa pachache. Ndiyo miaka ambayo theolojia ya Kiafrika ilikuwa ikibishaniwa kwa moto. John Mbiti wa Kenya alikuwa ametoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, na CLE ikakitoa kwa Kifaransa. Byang Kato wa Nigeria akamjibu kwa ukali mwaka 1975, mwaka ule ule alioaga dunia Mombasa. Chuo cha kiinjili kinachomweka mmoja na kumficha mwingine hufundisha nusu ya mjadala. Kinachowaweka bega kwa bega humwachia mwanafunzi kazi ya kupima, na hiyo ndiyo kazi ya maktaba.

Njia ya kitabu mpaka Bunia inastahili sura yake. Zawadi za vitabu kutoka ng'ambo, ziwe za makanisa, za mfuko ulioanzishwa na mchungaji Mwingereza John Stott kwa mapato ya vitabu vyake mwenyewe, au za mashirika yanayokusanya vitabu vya maprofesa wastaafu, hushuka bandarini Mombasa. Kutoka pale ni lori mpaka Malaba, Kampala, kisha ama kaskazini kupitia Arua na Mahagi, ama kusini kupitia Kasindi, Beni na Komanda. Kila mpaka una forodha yake na kila mvua ina matope yake. Barabara ya Beni kwenda Komanda imekuwa kwa miaka mingi njia ya waasi wanaoua wasafiri. Boksi la vitabu likifika salama na ndani yake mna nakala tano za kitabu kile kile cha Kiingereza ambacho hakuna kozi inayokihitaji, mtu huelewa kwa nini mkutubi mzuri afadhali aandike orodha ya mahitaji yake kuliko kushukuru tu.

Kisha vita. Mwishoni mwa 1996 askari wa Mobutu waliokuwa wakikimbia walipora mji baada ya mji, na wamisionari wakahamishwa. Mwaka 1999 mapigano yalianza katika eneo la Djugu, Ituri, kati ya Walendu na Wahema, yakichochewa na majeshi na wanasiasa waliokuwa na hamu ya ardhi na dhahabu. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, iliyo mwendo mfupi kutoka Bunia, ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, wanamgambo waliupigania mji mtaa kwa mtaa. Maelfu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa, mpaka kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa kilipowasili mwezi Juni. Waliouawa Ituri katika miaka hiyo walizidi 50,000.

Kwa chuo hiki vita hivyo havikuwa vya jirani. Jumuiya zilizokianzisha zina waumini Walendu na Wahema, pia Waalur, Walugbara, Wabira na Wanande. Majina hayo yote yamo kwenye rafu ya memwari. Mtu anayetafuta kujua jinsi makabila ya Ituri yalivyoishi, yalivyooana, yalivyogawana malisho na mashamba kabla ya bunduki kuingia, atapata sehemu ya jibu katika kazi za vijana waliokaa meza moja wakiziandika. Waandishi wa nje waliokuja baada ya 2003 walihesabu maiti, na ilibidi zihesabiwe. Lakini anayetaka kujua nini kilivunjwa asome memwari za zamani.

Mwaka 2007 ISTB ikawa Chuo Kikuu cha Shalom. Jina hilo, lenye maana ya amani, lilichaguliwa katika mji uliokuwa bado unazika. Vitivo vilipanuka kupita theolojia, kuelekea utawala, maendeleo na kilimo, na maktaba ililazimika kujifunza namba nyingine za Dewey: 338 za uchumi, 630 za kilimo. Wapo walionung'unika kwamba theolojia ingemezwa. Mimi naona kinyume chake: mchungaji anayesoma karibu na mtaalamu wa udongo huuliza maswali bora juu ya ardhi, na ardhi ndiyo iliyomwagiwa damu. Miaka migumu haikwisha hapo. Ebola ilitangazwa mashariki mwa Kongo Agosti 2018 na ikafika Ituri, Covid ikafunga vyuo mwaka 2020, na Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Mwaka huo huo wa 2021 kilitoka kitabu cha Profesa Bungishabaku Katho, aliyewahi kuwa rekta wa chuo hiki, kinachomsoma nabii Yeremia kwa macho ya Afrika. Yeremia anayeonekana humo ni nabii wa nchi iliyoporwa na watu waliohamishwa, na msomaji wa Bunia hahitaji kuelezwa zaidi. Kitabu hicho kimechapwa ng'ambo kwa Kiingereza, kwa hiyo kimerudi Ituri kwa njia ile ile ya malori. Naona ndani yake tunda la miaka mingi ya memwari ambazo hakuna mchapishaji aliyeziomba.

Kilichobaki ni kazi ya sasa. Huko Mukono, Uganda, kumbukumbu za Kanisa la Uganda zilizokaa katika chuo cha Bishop Tucker zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa ushirikiano na maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, na leo mtafiti anazisoma bila kuigusa karatasi. Memwari za Bunia zinastahili vivyo hivyo, zikianza zile za kaboni, ambazo kila mwaka zinafifia. Umeme wa mashaka si kizuizi: kamera nzuri, taa mbili, paneli ya jua na vijana wawili wenye subira wanatosha kuanza, mradi nakala za picha zihifadhiwe katika miji zaidi ya mmoja. Na kwa kuwa kila mhitimu alibaki na nakala yake, wachungaji wastaafu wa Aru, Mahagi, Mambasa na Irumu, pamoja na wajane wao, wafungue masanduku. Nakala ya nyumbani huenda ikawa ile ya juu, ya wino mweusi, inayosomeka. Ipelekwe Bunia, ipigwe picha, kisha irudishwe kwa mwenyewe.