Hedifoni hazina besi? Anza na vipira kabla ya ekolaiza

Mtu akipanda gari Mlali, wilayani Kongwa, kwenda Kibaigwa, ngurumo ya injini humeza kwanza besi ya wimbo. Kinachofuata ni kupandisha sauti hadi mwisho. Masikio yanaumia bure, maana mara nyingi shida haiko kwenye simu wala kwenye wimbo. Iko kwenye kile kipira laini kinachoingia sikioni.

Kipira kikiwa kidogo kinaacha upenyo, na besi inavujia hapo. Hedifoni nyingi huja na saizi tatu kwenye boksi, ila wengi hawazigusi zile nyingine. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo saizi ya kati kulia na kubwa kushoto si kosa. Kupima ni rahisi: wimbo ukiwa unacheza, sukuma hedifoni ndani kidogo kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, kipira hicho hakijaziba. Vya sponji huziba vizuri zaidi, ila huchakaa mapema.

Upande mmoja ukisikika chini, huenda nta au vumbi (na kiangazi cha Dodoma vumbi halikosi) limeziba kile kiwavu cha mbele. Toa kipira, elekeza wavu chini, sugua taratibu kwa mswaki mkavu. Maji hapana, pini hapana.

Ekolaiza ndiyo inafuata. Simu nyingi za Android huiweka kwenye mipangilio ya sauti, na Spotify ina yake. Kosa la wengi ni kupandisha kila kitu, mwishowe muziki unakwaruza. Afadhali kushusha kinachokera. Sauti inayovuma kama iko ndani ya pipa hushushwa karibu na hezi 250. "S" zinazochoma sikio, kati ya hezi 6,000 na 8,000. Desibeli 2 au 3 zinatosha.

Wimbo wa kupimia uwe ule mtu anaoujua vizuri, na muziki wa Kigogo unafaa sana. Ngoma za muheme, zile za akina mama, huonyesha kama besi imekaa. Ilimba, ile marimba ya mkononi aliyoipiga hayati Hukwe Zawose, ina mlio fulani wa kuzizima unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye kisanduku chake. Mlio huo ukipotea, sauti nyembamba zimeshushwa mno.

Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zinavumilika hadi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Kipira kinachoziba humwezesha abiria kusikia vizuri bila kufika huko.

Kwa dereva wa bodaboda hesabu ni nyingine: sikio lililozibwa halisikii honi ya lori nyuma, hivyo hedifoni zikae mfukoni mpaka afike.