Mtu ni Afya

Mtu ni Afya ni kampeni ya elimu ya afya iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973 kwa njia ya redio. Iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi hiyo ilijitegemea kwa sheria mwaka 1975. Kabla ya Mtu ni Afya, taasisi ilikwisha kujaribu mtindo huo wa kampeni ya redio kwa kampeni ya Wakati wa Furaha (1971).

Kwa wiki 12 vikundi vilikusanyika kusikiliza kipindi, kisha kiongozi akasoma kijitabu, wanakikundi wakajadili na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Hapo ndipo kampeni ilipoushinda mhadhara wa kawaida, ambao msikilizaji hutoka na daftari tu. Malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu ndiyo magonjwa yaliyofundishwa. Viongozi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2.

Mkoani Kigoma, ikiwemo Mwandiga kwenye barabara ya Manyovu, somo lilikuja kwa Kiswahili kwa watu ambao wengi wao nyumbani huzungumza Kiha. Lilikuja pia mwaka mmoja tu baada ya Operesheni Kigoma ya 1972 kuanza kuhamishia kaya kwenye vijiji vya pamoja. Kaya zikisogeleana, choo cha jirani si siri yake tena. Baada ya Mtu ni Afya, kampeni ya Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975.