Pikapu ya dizeli

Pikapu ya dizeli ni gari dogo la mizigo lenye kebini mbele, bodi la wazi nyuma na injini inayotumia dizeli. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani mikoa kama Iringa, Njombe na Mbeya, gari hili hubeba mahindi, viazi, mbao, mbolea na mifugo kutoka shambani hadi barabara kuu au sokoni. Zinazoonekana zaidi ni Toyota Hilux, Toyota Land Cruiser na Isuzu, pamoja na Land Rover za zamani ambazo bado zinatembea.

Kwa nini dizeli

Katika injini ya dizeli hakuna cheche ya plagi. Hewa hushindiliwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuionyesha injini ya namna hiyo mwaka 1897. Faida yake kwa mbeba mizigo ni nguvu ya kusokota hata injini ikizunguka polepole, jambo linalohitajika gari linapopanda kutoka Ipogolo kwenda Mlandege na mitaa mingine ya mji wa Iringa likiwa limejaa.

Mwinuko wa nchi nao una gharama yake. Iringa na Mbeya ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye lita 4.2 na bila tabo, hutoa nyutoni-mita 285 tu, wakati injini ya lita 2.8 yenye tabo ya Hilux za karibuni hufikia 500. Hata hivyo 1HZ inaendelea kupendwa, kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika na fundi wa kawaida anaiweza. Injini mpya husukuma mafuta kwa kompyuta na kwa mgandamizo mkubwa mno, hivyo dizeli chafu ya kwenye madumu huharibu nozeli zake upesi. Anayeishi mbali na kituo cha mafuta afikirie hilo kabla ya kuvutiwa na namba za nguvu.

Uzito

Kosa la kawaida la wanunuzi ni kutazama ukubwa wa bodi badala ya uzito unaoruhusiwa. Uzito wa mzigo hupatikana kwa kutoa uzito wa gari tupu katika uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda, na abiria nao ni mzigo. Pikapu ya tani moja ikibeba watu watano wa kilo 70 kila mmoja, zinabaki kilo 650, yaani magunia sita ya kilo 100. Magunia yakijazwa kwa lumbesa, hesabu hiyo haifai tena.

Wengi huongeza majani ya springi wakidhani gari limeongezewa uwezo. Springi huzuia bodi lisilale tu. Breki, ekseli, chesi na matairi yanabaki yale yale. Madhara huonekana kwenye mteremko, kwa mfano Kitonga, ambako breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Kanuni ya madereva wazee ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na kutoweka gari nyutro kamwe.

Wanyama

Mnyama ni mzigo unaohama. Ng'ombe husafirishwa katika bodi lenye kizimba imara, wakifungwa karibu karibu ili wasianguke kwenye kona. Farasi ni wachache Tanzania, kwa kuwa virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika na mbung'o wa nyanda za chini huwaua, lakini wapo wanaofugwa kwa ajili ya kupanda, mathalani Mufindi. Farasi mmoja ana kilo 400 hadi 600 na husimama juu, kwa hiyo afadhali avutwe kwa tela. Farasi wawili pamoja na tela lao hukaribia tani mbili. Pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 kama tela halina breki zake, na karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela hukalia ndoano, sehemu inayopaswa kuhesabiwa kama mzigo wa bodini.

Kukagua gari lililotumika

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha kitu. Kugusa boneti kunatosha kujua. Injini isiyowaka haraka asubuhi ya baridi ya Njombe inaweza kuwa na plagi mbovu za kupasha joto au imechoka. Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua, na mweusi kwamba nozeli au hewa haiko sawa. Chini ya gari itazamwe kutu ya chesi, hasa kwa magari yaliyotoka nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na alama za kuchomelea karibu na springi za nyuma, kwani hapo ndipo gari lililozidishiwa mzigo hupasuka kwanza.