Kovu la Burton na Sikio la Speke

Sisi wa Isevya twakaa penye njia ya kale ya misafara. Mwezi wa Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Burton alikuwa na kovu la mkuki uliompenya shavu hata shavu huko Berbera, mwaka 1855. Jeraha lile kubwa lilikwisha kupona. Mwaka 1858, katika ziwa Tanganyika, mdudu mdogo aliingia sikioni mwa Speke. Akamchokoa kwa kisu. Mdudu akafa, sikio likajeruhiwa. Uso ukapinda, hata kutafuna hakuweza. Alirudi Kazeh na mabaki yale sikioni. Vipande vyaliendelea kutoka hata baada ya miezi 6. Basi, walimu na wazazi, mtoto aingiwapo na kitu sikioni, tusimchokoe, tumpeleke hospitalini.