Kesi ya Belknap
Kesi ya Belknap ni shauri lililosikilizwa na Seneti ya Marekani mwaka 1876 dhidi ya William Belknap, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Rais Ulysses Grant. Alituhumiwa kupokea fedha zilizotokana na duka la wanajeshi katika kambi ya Fort Sill. Asubuhi ya tarehe 2 Machi aliwahi Ikulu akajiuzulu. Siku hiyohiyo Baraza la Wawakilishi likapitisha mashtaka bila kupingwa.

Utetezi wake ulidai kuwa raia wa kawaida hashtakiki bungeni. Katiba haisemi lolote waziwazi, ila mbali na kumwondoa mtu ofisini inaruhusu pia kumzuia kushika wadhifa tena, na kujiuzulu hakuifuti adhabu hiyo ya pili. Kwa kura 37 dhidi ya 29 Seneti ilijipa mamlaka. Hata hivyo, theluthi mbili za kumtia hatiani hazikupatikana tarehe 1 Agosti, kwa kuwa wengi waliomwachia bado walipinga mamlaka yenyewe. Mwaka 2021 hoja hiyo ilirudi kwa Donald Trump, aliyeshtakiwa akiwa madarakani na kusikilizwa akiwa ameondoka: mamlaka yalithibitishwa kwa kura 56 dhidi ya 44, naye akaachiwa.