Ringi, kijiti na safari ya neno ‘bodaboda’

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tuliolelewa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, tuliibishia methali hiyo hata kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mchezo wetu ulikuwa kusukuma ringi, yaani gurudumu kuukuu la baiskeli lililong’olewa spoku, kwa kijiti kilichokaa katika mfereji wake. Ukienda pole mno, ringi inayumba na kuanguka. Ukikimbia kupita kiasi, inakuponyoka hadi mtaroni. Siri ilikuwa kusonga kwa kadiri, mkono mwepesi, macho mbele.

Ringi zenyewe hazikukosekana, maana Busia na Malaba ni miji ya baiskeli. Mpaka wetu ulianza kuchukua sura yake mwaka 1902, Waingereza walipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo lililokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta huku na kule. Baada ya uhuru, vituo vya forodha vya nchi hizi mbili viliachana kwa masafa ambayo msafiri mwenye mizigo aliyaona marefu. Hapo ndipo, katika miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipoona riziki. Waliweka mto kwenye keria, wakawaita abiria: “Boda! Boda!” Yaani, nakutoa mpaka huu hadi ule.

Tazama, msomaji, neno hilo lilivyosafiri. Neno la Kiingereza la mpaka lilidondosha ‘r’, likarudiwarudiwa kama ‘polepole’ na ‘pikipiki’, likawa letu. Kisha maana ikahama: kutoka mahali hadi mwito, kutoka mwito hadi baiskeli, kutoka baiskeli hadi mwendeshaji. “We boda, Korinda ni ngapi?” Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa VAT, pikipiki zilifurika na neno likazidandia. Leo hata Dar es Salaam, mbali na mpaka wowote, watu hupanda bodaboda.

Binadamu hawakuhama kwa wepesi huo. Jirani yetu mmoja, mzee aliyesomesha watoto kwa baiskeli yake, hakuwa na pesa za kununua pikipiki. Abiria walimkimbia hadi akawa anashinda kwenye steji bila hata mmoja. Tulidhani kwisha habari yake. Kumbe alifunga mitungi kwenye keria, akaanza kuuzia hoteli maji, mzigo ambao vijana wa pikipiki waliudharau. Nilipomuuliza aliwezaje, naye akaniuliza:

“Wewe si ulisukuma ringi? Ilikuwa inaanguka lini?”

“Iliposimama, mzee.”

“Basi.”

Tunaolalamika kwamba vijana wa mitaani wanakiharibu Kiswahili tukumbuke kuwa neno linalotamkwa leo Kampala, Juba na Nairobi halikutungwa na jopo la wataalamu. Lilitungwa na wachuma riziki waliokuwa wakitokwa jasho kati ya vituo viwili vya forodha.

Nayo methali ya wahenga siibishii tena. Utotoni nililisikia neno ‘pole’ tu. Sasa nasikia kwamba kabla yake walitanguliza ‘mwenda’.